SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI: SURA YA NJE YA NYUMBA ZA KALE, MFANO WA TABORA

Kuomba kibali kabla ya kubadili sura ya nje ya nyumba si jambo la Mji Mkongwe peke yake, ambako Mamlaka ya hifadhi iliundwa mwaka 1985. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, na wafanyabiashara waliotoka Unguja walijenga huko. Kwihara, nje kidogo ya mji, ipo tembe inayokumbusha makaazi ya Livingstone ya mwaka 1872: kuta nene za udongo, paa la bapa na milango ya nakshi.

Nyumba za namna hiyo aghalabu huharibiwa kwa nia njema. Ukuta ukimomonyoka, mwenyewe huupiga plasta ya saruji. Unyevu hukosa pa kutokea, na udongo ukalika ndani kwa ndani. Paa likivuja, huezekwa bati, na umbo la tembe likapotea siku moja.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, itumikayo Tanzania Bara, huuhesabu mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 kuwa kitu kinacholindwa. Aidha, serikali za mitaa zaweza kutunga sheria ndogo za hifadhi kwa ridhaa ya Waziri. Kwa hiyo afisa apokeaye ombi asitosheke na ramani. Aende akaione nyumba, aulize ukuta ni wa nini. Mwombaji naye ni vyema aambatishe picha ya upande wa njiani, kabla hajampa fundi malipo ya awali.