Korongo Mwenye Taji: Namna ya Kumtazama na Kumhesabu

Katika Kiswahili jina la korongo hutumiwa kwa ndege wengi wenye miguu mirefu, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba wote ni jamaa moja. Sivyo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za mmoja wao, yaani korongo mwenye taji. Zamani ndege huyu alionekana kwa wingi mashambani na penye maji, lakini idadi yake imepungua sana, na tangu mwaka 2012 ameandikwa katika orodha ya dunia ya ndege walio katika hatari ya kutoweka.

MAHALI PA KUMWONA. Mtu aliye Nakuru hana haja ya kwenda mbali. Na afuate barabara ya Subukia, apande ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Nyahururu. Kusini ya mji huo liko Ziwa Ol Bolossat, ambalo sehemu yake kubwa ni kinamasi chenye nyasi na matete. Maji yake huulisha mto Ewaso Narok, ule unaoanguka katika maporomoko ya Thomson. Kiangazi kikizidi, maji hupungua sana, na makao ya ndege hupungua pamoja nayo.

NAMNA YA KUMTAMBUA. Kimo chake ni kama meta 1. Mwili ni wa kijivu, mabawa yana weupe mwingi, shavu ni jeupe, na chini ya kidevu hutundika kishungi chekundu. Juu ya kichwa ana taji la nyuzi za rangi ya dhahabu. Dume na jike hufanana. Arukapo hunyosha shingo yake mbele, ambapo ndege kama yangeyange huikunja. Basi hata akiwa mbali angani hawezi kukupotea. Usiku hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa jamii yake wasio na taji hawaliwezi, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kifupi mno kushika tawi.

CHAKULA CHAKE. Hula mbegu, wadudu, vyura na nyungunyungu. Hupiga ardhi kwa miguu ili wadudu waruke, kisha huwadona. Ni kweli pia kwamba hufukua mahindi yaliyopandwa karibuni, na wakulima wengine wamemtilia sumu. Lakini sumu haichagui: huua pia ndege wengine, na mbwa wa mwenye shamba. Yafaa zaidi kuliweka shamba chini ya ulinzi kwa siku chache, mpaka miche ishike mizizi.

KUZAA KWAKE. Dume na jike hukaa pamoja miaka mingi. Hujenga tago kwa nyasi zilizolazwa katikati ya kinamasi, na jike hutaga mayai 2 hadi 4. Wote wawili huatamia kwa zamu, muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda huweza kutembea mapema, lakini hawawezi kuruka kabla ya miezi 2 au 3. Katika muda huo hukamatwa kwa urahisi na mbwa, na watu wanaotaka kuwafuga au kuwauza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza mtu kuweka ndege wa mwituni bila kibali.

NAMNA YA KUTAZAMA. Nenda asubuhi mapema, ukae mahali pamoja, wala usilikaribie tago. Ukisogea, wazazi huondoka, na mayai hubaki wazi kwa jua na kunguru. Ukiona ndege wawili wakizungukazunguka mahali pamoja kwa wasiwasi, jua kwamba umekaribia mno, rudi nyuma.

Kisha hesabu, lakini usihesabu wote pamoja. Korongo huishi miaka mingi, kwa hiyo kundi kubwa laweza kuyadanganya macho. Huenda wote ni wazee, na mahali pao hapatapata wa kupajaza watakapokufa. Basi watenge wachanga na wakubwa. Mchanga ana taji fupi, manyoya yenye rangi ya udongo, na shavu lisilo jeupe kabisa.

Andika katika daftari tarehe, saa, idadi ya wakubwa, idadi ya wachanga, na kama maji yamejaa au yamekauka. Fanya hivyo kila mwezi, mahali pale pale. Baada ya miaka michache daftari hilo litaonyesha jambo ambalo kumbukumbu ya mtu haiwezi kulihifadhi: kama kinamasi kingali kinalea ndege, au kimebaki mahali pa wazee kukusanyika tu. Walimu wenye shule karibu na ziwa wangeweza kuifanya kazi hii pamoja na wanafunzi wao, kwani yataka penseli, macho na uvumilivu, wala haitaki fedha.