Dondoo muhimu: Hudumia pampu yako ya petroli mwenyewe

Ukinyunyizia nyanya au sukuma kando ya mto Athi, Thwake au Tiva, vumbi la kiangazi ndilo adui mkuu wa injini. Chomoa waya wa plagi, kisha fungua filta ya hewa kila wiki. Ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, itie oili kidogo na kuikamua. Ya karatasi ikung'ute tu.

Badilisha oili ya pampu mpya baada ya saa 20 hivi za kazi, halafu kila saa 100, injini ikiwa bado vuguvugu ili uchafu utoke nayo. Tafadhali, usiimwage mtoni.

Mito yetu ni ya mchanga, na hapa wengi huzembea: chujio la paipu ya kuvuta maji lisilale chini. Liweke ndani ya ndoo iliyotobolewa. Jaza pampu maji kabla ya kuwasha. Ikizunguka kavu, sili huungua, na kuibadilisha ni gharama.

Mvua za vuli zikianza, Oktoba au Novemba, na pampu ikipumzishwa, funga koki ya petroli, uache injini ijizime yenyewe. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta huacha utando unaoziba jeti.