Harufu ya gari inavyokula nauli: somo kwa wasafirishaji wa Ngara na Biharamulo

Kwa kawaida ukurasa huu huwaletea wasomaji mwenendo wa bei za mazao. Wiki hii tunaweka mizani pembeni na kuingia ndani ya gari linalobeba mazao hayo, kwani huko nako fedha hupotea na wenye magari wengi hawaiandiki popote.

Mfanyabiashara mdogo wa Biharamulo au Ngara mara nyingi hana gari la mizigo na jingine la abiria. Analo moja tu. Asubuhi hupakia dagaa kutoka mialo ya Chato, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo hadi mwaka 2005. Mchana gari hilo hilo hupandisha abiria wa Lusahunga, Benako, Rusumo au Kabanga. Likirudi lina madumu ya maziwa au pombe ya ndizi, na dumu moja halikosi kuvuja.

Vyuoni tulifundishwa kukadiria uchakavu wa gari kwa miaka na kilomita. Harufu haikuwamo. Lakini tuchukulie kwamba kiti kimoja hubaki wazi kila safari kwa sababu abiria amechungulia ndani, akaziba pua na kusubiri gari linalofuata. Kwa safari 2 kwa siku na siku 25 za kazi, hizo ni nauli 50 kwa mwezi. Linganisha na bei ya chupa moja ya siki.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Hayo hayaondoi kitu. Abiria hupata harufu mbili badala ya moja. Inayofaa ni kujua kwanza kilichomwagika, maana dawa ya samaki siyo dawa ya maziwa.

Uvundo wa samaki hutokana hasa na kemikali iitwayo trimethilamini, ambayo ina tabia ya magadi. Adui yake ni kitu kichachu. Ndiyo maana akina mama hupaka samaki ndimu, na mikono yao wakaisugua kwa ndimu pia. Kwenye gari, toa mazulia na viti vinavyotoka, osha kwa sabuni, kisha changanya siki kikombe kimoja na maji vikombe viwili. Lowesha kitambaa, futa sakafu na viti, acha dakika kama 15, halafu futa tena kwa maji safi. Maji ya ndimu yaliyochujwa hufanya kazi hiyo hiyo ila yasiposuuzwa huacha unato. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, usije ukapausha kitambaa.

Maziwa yaliyochacha na pombe ya ndizi ni kinyume chake. Hivyo tayari ni vichachu, na ukiongeza siki hujafanya lolote. Hapa tumia soda ya kuokea, ile ya dukani (si hamira). Kausha sehemu iliyolowa, nyunyizia unga huo, uache usiku kucha, asubuhi uufagie au uukung'ute. Tafadhali isiwe kostiki ya kutengenezea sabuni. Hiyo huunguza ngozi na kuharibu kitambaa.

Kazi yote hii ni bure kama chini ya zulia bado kuna maji. Kagera hupata mvua za Septemba hadi Desemba na za Machi hadi Mei, na kwenye milima ya Ngara zulia nene linaweza kukaa siku kadhaa bila kukauka. Ukungu huota humo, na harufu yake hurudi kila dereva anapofunga vioo. Zulia litolewe lote na kuanikwa juani pande zote mbili. Kagua pia mpira wa mlango na matundu ya kupitishia maji chini ya kioo cha mbele. Majani yakiyaziba, maji hutafuta njia ya kuingia ndani.

Baada ya hapo ndipo mkaa unafaa. Weka vipande vikavu ambavyo havijawashwa kwenye kapu au soksi kuukuu, chini ya viti, kwa siku 3 au zaidi. Mkaa una vitundu vingi vidogo vinavyonasa harufu, ingawa nguvu yake haifikii ile ya mkaa maalumu wa viwandani. Kuhusu kahawa, najua nitawaudhi wenyeji wa mkoa wa kahawa, lakini kwa maoni yangu hufunika harufu zaidi kuliko kuiondoa.

Tahadhari mbili. Usichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arishia nguo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Na kama harufu ni ya petroli, moshi au waya unaoungua, peleka gari kwa fundi siku hiyo hiyo, usipakie abiria.

Kwa anayetaka kununua gari lililotumika: likinukia manukato kupita kiasi, omba liachwe juani saa sita mchana, vioo vimefungwa, kwa nusu saa. Kisha fungua mlango wa nyuma, inua zulia na uguse sakafu kwa mkono. Ukikuta unyevu au kutu, anza upya mazungumzo ya bei.