SOMO LA KIINGEREZA: NENO "VOLUNTEER"

Neno hili hutamkwa karibu na kusema "volantia", na mkazo huwekwa penye "ti". Watu wengi hudhani kuwa maana yake ni mtu afanyaye kazi bila mshahara. Maana hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Asili yake ni neno la Kilatini "voluntas", yaani nia ya mtu. Basi kiini cha neno hili ni hiari, wala si mshahara. Kwa Kiswahili twasema kujitolea: mtu hujitoa mwenyewe, hatolewi na mwingine.

Utazame mfano wa Vita Kuu ya Kwanza. Uingereza ilipoingia vitani mwaka 1914, vijana wake walijiandikisha jeshini kwa hiari. Walilipwa mshahara, na hata hivyo waliitwa "volunteers". Mwaka 1916 ikatungwa sheria ya kulazimisha. Aliyeitwa kwa sheria hiyo hakuwa "volunteer", ingawa alivaa sare ile ile.

Huku kwetu, wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor, Nairobi, wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu. Kuwaita hao "volunteers" ni kuwadhulumu mara ya pili, kwani ni kusema kuwa walichagua jambo ambalo hawakulichagua.

Sasa tuyaangalie matumizi yake.

1. Kuwa jina: "She is a volunteer." Yeye ni mtu aliyejitolea.

2. Kuwa kitendo: "He volunteered to dig the well." Alijitolea kuchimba kisima. Usisahau "to" kabla ya kitendo kinachofuata.

3. Kwa habari: "She volunteered the news." Alitoa habari bila kuulizwa.

4. Shambani: "volunteer maize" ni maotea, yaani mahindi yaliyojiotea kwa mbegu zilizoanguka, bila kupandwa na mtu.

Waingereza wana mzaha wao pia: "I was volunteered." Husema hivyo mtu ambaye jina lake limetolewa na mwenzake, naye hana budi kwenda. Kiswahili hakikubali mzaha huo, kwa maana hakuna asemaye "nilijitolewa".

ZOEZI. Baragumu limepigwa, watu waje kutengeneza barabara. Asiyekuja atatozwa mbuzi. Je, waliokuja ni "volunteers"?

JIBU. La. Hata kama hawalipwi kitu, hao si "volunteers". Kila ulionapo neno hili, jiulize: mtu huyu angaliweza kukataa bila kuadhibiwa? Kama angaliweza, naye akaja, neno hilo ni haki yake. Wazee walisema: Hiari yashinda utumwa.