Nimekataliwa hifadhi Marekani: bado kuna njia?

*Natoka Bukavu. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji imekataa ombi langu la hifadhi na la kinga dhidi ya mateso. Ndiyo basi? – Mama wa wawili*

Bado, dada. Ipo mahakama ya rufaa ya shirikisho, ila una siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, si tangu barua ikufikie. Kufungua kesi peke yake hakuzuii kuondolewa nchini. Omba pia amri ya kusimamisha. Majaji hawapokei ushahidi mpya: wanasoma jalada lilelile, wakitafuta kosa la kisheria au uamuzi usiobebwa na ushahidi. Una nyaraka mpya? Hizo hupelekwa Bodi, kwa kawaida ndani ya siku 90, kuomba kesi ifunguliwe upya. Tafuta wakili leo hii, si yule mjaza fomu wa mtaani.