JUMANNE: Mgonjwa Akisharudi Nyumbani

Soma Marko 5:41–43. Baada ya kumfufua binti Yairo, Yesu aliagiza nini? Kwa nini hakufanya jambo hilo Yeye mwenyewe?

Yeye aliyeshinda mauti angeweza kumshibisha mtoto kwa neno moja. Hata hivyo, kazi hiyo aliwaachia watu wa nyumbani. Muujiza ulikuwa umekwisha kutendeka, lakini mwili wa binti wa miaka 12 ulihitaji chakula. Mungu hufanya tusiyoyaweza. Tunayoyaweza hutuachia sisi.

Familia nyingi husahau hilo. Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitali, ndugu na waumini huja, huimba, huomba, kisha hutawanyika. Ndipo kazi huanza. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulala upande mmoja. Dawa za shinikizo la damu humezwa kila siku, hata anapojisikia vizuri. Mkono uliolegea hunyooshwa kama alivyoelekeza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kuacha dawa kwa sababu mgonjwa ameombewa si imani. Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:5–7).

Soma Marko 10:51. Kwa nini Yesu alimwuliza Bartimayo swali ambalo jibu lake lilionekana wazi?

Mhitaji hakuwa mzigo mbele za Yesu. Alikuwa mtu mwenye sauti yake. Baba aliyezoea kuongoza ibada ya jioni hufedheheka anapolishwa mbele ya wageni. Basi na aulizwe: angependa kuoga saa ngapi, na nani amsaidie? Analoweza kulifanya kwa mkono mmoja, aachiwe alifanye, hata akichukua muda mrefu. Ulimi ukiwa mzito, asubiriwe amalize. Asijibiwe na mwingine.

Soma Kutoka 17:12. Haruni na Huri walimsaidiaje Musa?

Hawakumkemea kwa kuchoka. Walimletea jiwe akalie, wakaitegemeza mikono yake hata jua likachwa. Nyumbani, mikono inayochoka mara nyingi ni ya mke au ya binti mmoja, ambaye huenda hajaonekana kanisani kwa Sabato nyingi. Kumwambia, “Pole dada, tunakuombea,” ni vema. Kukaa na mgonjwa saa 3 ili yeye apate usingizi ndiko kumtegemeza.

Tafakari: Ni nani katika kanisa lenu anayemuuguza mtu nyumbani wakati huu? Kama darasa, gawaneni siku za juma hili: nani atapika, nani atafua, nani atakesha, na nani atashika zamu asubuhi ya Sabato ili muuguzaji naye aende kuabudu?