Ng'ombe Aliyekosa Bei Mnadani

Katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ng'ombe wengi huishia machinjioni. Minada ya awali huko vijijini ni tofauti: mnyama aliyekosa bei hushinda amebanana na ng'ombe wa kila upande, kisha jioni anarudishwa zizini kana kwamba alikwenda malishoni tu. Huyo ndiye wa kuogopwa.

Akirudi, mtenge mbali na zizi kwa siku 30, na kila ng'ombe mgeni uliyemnunua afanyiwe vivyo hivyo. Wahudumie wazima kwanza, yeye wa mwisho, kwa ndoo yake mwenyewe. Ugonjwa wa miguu na midomo kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 14, na mnyama huweza kuambukiza kabla hujaona kidonda. Homa ya mapafu hukawia zaidi, wakati mwingine miezi, kwa hiyo hata baada ya siku 30 endelea kumsikiliza asubuhi na baada ya kutembezwa. Akikohoa, mwite daktari wa mifugo. Usikimbilie sindano ya dukani: kikohozi kinaweza kutulia huku ugonjwa ukibaki mapafuni, nawe ukamuuzia jirani maradhi.

Kabla ya kwenda mnadani, mkague ng'ombe alfajiri akiwa ametulia. Anayechechemea, anayetoa mate mengi, mwenye mapele au kikohozi asitoke nyumbani. Kibali cha kusafirisha kitolewe baada ya mnyama kuonwa, si kuandikwa mezani. Mnadani, nywesha kwa ndoo yako, usitumie hori la wote.

Wasimamizi nao wakague getini, kabla makundi hayajachanganyika, na pawe na zizi la pembeni la wanaoshukiwa. Naona vibaya sana mnyama mgonjwa anapofukuzwa. Ukimfukuza, anausambaza ugonjwa katika kila kijiji anachopita njiani. Mzuieni hapo hapo, mwiteni daktari.

Lori, buti na fimbo vioshwe kabla ya kuondoka. Ondoa kinyesi chote kwanza, maana dawa haipenyi uchafu. Kisha pitisha magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti), gramu 400 katika lita 10 za maji. Yanaua virusi vya miguu na midomo. Yaache kwa dakika 10 hivi ndipo usuuze, na wenye lori wasipakie kundi jingine kabla ya hapo.